Kayafa Amerudi Katika Luninga



Juma hili tutawaudhi baadhi yenu, hasa vijana. Kuna tamthilia ya Kimarekani iitwayo "24", iliyoanza kuonyeshwa Novemba 2001 na kukoma mwaka 2010 (ikarejea kwa muda mfupi mwaka 2014), ambayo bado inapitishwa kutoka flashi hadi flashi kama mali ya urithi. Shujaa wake ni Jack Bauer, afisa wa kupambana na ugaidi. Saa inakimbia, bomu linakaribia kulipuka, mtuhumiwa amefungwa kitini na hataki kusema. Bauer anamtesa, mtuhumiwa anasema, mji unaokoka. Shirika moja la wazazi huko Marekani lilihesabu matukio 67 ya utesaji katika misimu mitano ya kwanza pekee.

Tukilisema hili tunajibiwa: "Padre, ile ni filamu tu." La hasha! Novemba 2006, Brigedia Jenerali Patrick Finnegan, mkuu wa taaluma katika chuo cha kijeshi cha West Point, alifunga safari hadi California kuwakabili watengenezaji wa tamthilia hiyo. Malalamiko yake yalikuwa kwamba wanafunzi wake, maofisa wa kesho, walikuwa wakijifunza kwa Bauer yale ambayo walimu wao waliwafundisha kuwa ni haramu. Jenerali wa jeshi hafungi safari kwa ajili ya "filamu tu". Mwaka uliofuata, katika mkutano wa wanasheria mjini Ottawa, Jaji Antonin Scalia wa Mahakama Kuu ya Marekani alimtetea Bauer kwa kuwakumbusha wasikilizaji kwamba ameokoa mji mzima, kisha akauliza kama kuna baraza la mahakama ambalo lingethubutu kumtia hatiani. Jaji huyo alikuwa Mkatoliki mwenzetu, asiyeificha imani yake. Alifariki mwaka 2016, nasi tunamwombea pumziko. Lakini hoja yake hatuwezi kuipokea.

Hatuwezi kwa sababu tunaijua hoja hiyo na tunamjua aliyeitoa kwanza. Someni sura ya 11 ya Injili ya Yohane. Baraza limekutana kwa hofu ya usalama wa taifa: Warumi watakuja, watapaharibu mahali petu na kulifuta kabila letu. Ndipo Kayafa anaposimama na kuwaeleza kwamba ni afadhali mtu mmoja aangamie kuliko taifa zima. Hakuwa mtu mwenye wazimu. Alikuwa na hesabu nzuri, na mwandishi wa tamthilia yoyote ya ugaidi angempa nafasi ya shujaa. Sisi tunaoadhimisha Ijumaa Kuu kila mwaka tunajua mtu huyo mmoja alikuwa nani.

Wala tusijidai kwamba Kanisa halikuwahi kuteleza. Papa Nikolasi wa Kwanza, alipowaandikia Wabulgaria mwaka 866, aliwakataza kabisa kumtesa mshukiwa ili akiri. Papa Inosenti wa Nne, mwaka 1252, akaruhusu mateso hayo hayo dhidi ya wazushi, naye aliamini kwamba anaiokoa jamii. Ilituchukua karne nyingi kurudi alikokuwa Nikolasi. Leo Katekisimu, namba 2297, inalaani utesaji, na namba inayofuata inakiri kwamba wachungaji wa Kanisa mara nyingi walinyamaza. Yohane Paulo wa Pili katika Veritatis Splendor, mwaka 1993, aliuhesabu utesaji miongoni mwa matendo ambayo ni maovu kwa asili yake, yasiyotakaswa na nia njema wala na saa inayokimbia.

Hila ya filamu hizi ni kwamba mtazamaji hukalishwa katika kiti cha Mungu. Kamera imekwisha kumwonyesha kwamba mtuhumiwa ana hatia, kwamba bomu lipo, na kwamba ukweli uko nyuma ya meno ya mtu yule. Ni nani katika maisha halisi mwenye ujuzi huo? Ibn al-Shaykh al-Libi, aliyepelekwa Misri na CIA, aliteswa hadi akasema kwamba Iraki iliwafundisha al-Qaeda kutumia silaha za kemikali. Februari 2003 Colin Powell aliyatumia maneno hayo mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Yalikuwa uongo, na vita ikafuata. Mwaka huo huo Mtanzania mmoja, mtu wa Zanzibar, alikamatwa Mogadishu, akakabidhiwa kwa CIA, akapelekwa Afghanistan na kuteswa gizani. Mwaka 2008 aliachiwa bila mashtaka yoyote, mkononi ana karatasi iliyosema kwamba si tishio. Kesi aliyofungua pamoja na wenzake dhidi ya wanasaikolojia wawili waliobuni mbinu hizo ilimalizwa kwa maelewano mwaka 2017. Hatujui kijiwe cha filamu hapa mjini kinachoonyesha kisa hicho.

Kwa haki tuseme kwamba si filamu zote ziko hivyo. "The Siege" ya mwaka 1998, pamoja na makosa yake, inaonyesha jeshi likiwafungia wanaume Waarabu wa Brooklyn ndani ya uwanja wa michezo, akiwemo mtoto wa afisa wa FBI, na jenerali akimtesa na kumuua mfungwa asiyempa chochote. Mhusika anayechezwa na Denzel Washington anapinga kwa sauti kwamba wakitenda hivyo adui atakuwa amekwisha kushinda.

Filamu hiyo ilitoka Novemba 1998. Sisi tulikuwa tumekwisha kuonja ugaidi miezi mitatu kabla yake, tarehe 7 Agosti, watu zaidi ya 200 walipouawa Nairobi na 11 hapa Dar es Salaam. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba tunazungumza hivi kwa kutoujua uchungu. Mwaka 2001 washitakiwa wanne wa milipuko ile walihukumiwa kifungo cha maisha New York, katika mahakama ya kawaida, wakiwa na mawakili wa kuwatetea. Hakuna aliyeifanya kesi hiyo kuwa tamthilia. Haina saa inayokimbia.

Kisha akaja Ahmed Khalfan Ghailani, Mtanzania, aliyekamatwa mwaka 2004 na kuwekwa katika magereza ya siri ya CIA kabla ya kupelekwa Guantanamo. Kesi yake ilipofika mahakamani mwaka 2010, hakimu alimzuia shahidi muhimu, mtu aliyesemekana kuuza baruti, kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumshurutisha mshitakiwa katika magereza hayo. Hatudai kwamba shahidi huyo peke yake angegeuza hukumu. Lakini Jaji Scalia alikuwa ameuliza habari ya baraza la mahakama, na hili hapa baraza la watu 12: lilimtia Ghailani hatiani kwa shitaka moja, la njama ya kuharibu majengo na mali ya Marekani, ambalo lilimpatia kifungo cha maisha, na likamwachia kwa mashitaka mengine 284, yakiwemo yale ya mauaji, ambayo yaliandikwa moja kwa kila marehemu wa Nairobi na wa Dar es Salaam.