Sura Tatu za Mashine Moja

Safu ya Bin Ruzizi, Luvungi

Wasomaji walionisihi nisimtaje tena shemeji yangu katika safu hii watanisamehe, kwani Alhamisi iliyopita amenikosesha gari la Uvira, na aliyekosa gari ana haki ya kusema.

Nilifika sokoni saa mbili asubuhi, katika kibanda ambamo dada mmoja mwenye mikono myepesi huchapa barua na kutoa fotokopi, nikiwa na karatasi niliyoiandika kwa kalamu juu ya mfereji uliozibwa wa mashamba yetu ya mpunga, nayo ilipasa imfikie Administratere wa Teritwari siku ile ile. Nilimkuta dada amesimama pembeni, ameshika tama. Juu ya kiti chake alikuwa ameketi shemeji.

“Shemeji, njoo utazame!”

Sikatai kwamba alianza na jambo la busara. Tangu tarehe 14 Januari mwaka 2020, Microsoft ilikuwa imeacha kuitengenezea Windows 7 viraka vya usalama, na mashine ile kongwe, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 tu, isingaliustahimili uzito wa Windows 10. Kuhamia Linux, mfumo usiolipiwa hata franka moja, lilikuwa shauri jema, na lau angalikomea hapo ningalimshukuru. Lakini Linux haina uso mmoja. Kila mtu hujichagulia eneokazi alipendalo, yaani sura ya kiooni na madirisha yake, na shemeji, badala ya kuchagua sura moja, alizifunga tatu, GNOME na KDE na Xfce, kisha akawa anatoka katika hii na kuingia katika ile, ilhali foleni imekwisha kufika kwa mama wauza ndagala. Ndani ya KDE alituonyesha dirisha linalotikisika ukilikokota, mithili ya uji bakulini. Tukalitazama, na mashine nayo ikabaki inalitazama, maana iliganda.

Nilipouliza kwa nini ziwe nyingi, alinipa darsa: kwamba KDE ilianzishwa mwaka 1996 na Mjerumani, Matthias Ettrich, na mwaka uliofuata Miguel de Icaza na Federico Mena, watu wa Meksiko, wakaanzisha GNOME kwa kuwa KDE ilijengwa juu ya Qt, ambayo leseni yake wakati ule haikuwa huria kwa kadiri waliyoitaka. Al-hasili, ugomvi wa Mjerumani na Wameksiko umeizunguka dunia zaidi ya miaka 20 hata ukafika Luvungi kuizuia barua ya mfereji.

Asili ya maradhi haya naijua: fundi husifiwa kwa alichokifunga, wala hakuna amsifuye kwa alichokiacha. Mashine ya gigabaiti 2 ni ya Xfce iliyo nyepesi, basi. GNOME na iwangojee wenye mashine mpya na umeme usiokatika. Na aliye aula kuchagua ni yule atakayeketi mbele yake kutwa, si mpita njia mwenye flashi mfukoni. Dada hakuulizwa hata lugha! Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili, ilitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 2004, naye, msomaji wa Kiswahili na Kifaransa, amewekewa kila kitu kwa Kiingereza, hata kibodi. Vitufe vyake ni vya Kifaransa, mashine yadhani ni vya Kiingereza; hivyo aliporudishiwa kiti chake akagonga “Mheshimiwa”, kiooni pakatokea “:heshi;izq”.

“Atazoea,” akasema shemeji, akachukua mfuko wake akaenda zake.

Dada hakutuuliza sisi wala mtu mwingine. Alitoka katika KDE, akaingia katika Xfce, akapatafuta mahali pa kibodi, akairudisha katika Kifaransa, kisha akaanza kuchapa. Barua ikatoka saa tano na robo. Gari la Uvira lilikuwa limeondoka saa tano kamili, na waliokuwa kituoni walinieleza kwamba shemeji alipata kiti cha mbele.