Dawa ya nywele inatibu ugonjwa gani?

Hivi wadau, mmewahi kujiuliza kwa nini tunasema fulani "kaweka dawa" kichwani? Dawa ya malaria inatibu malaria. Dawa ya minyoo inatoa minyoo. Hii ya nywele inatibu nini? Jibu la mtaani tunalijua: inatibu kipilipili, nywele ngumu, nywele "mbaya". Leo nabisha.

Tuanze na unywele wenyewe. Sehemu yake kubwa ni protini iitwayo keratini, jamii moja na ile iliyomo kwenye kucha zako na kwenye pembe ya kifaru. Mzungu, Mchina, Mhindi, Mmakonde: keratini ya wote imejengwa kwa asidi amino zilezile, tena kwa viwango vinavyokaribiana sana. Hakuna keratini ya daraja la kwanza na ya daraja la tatu.

Tofauti inaanzia chini ya ngozi. Kitundu anamoota unywele kikiwa kimenyooka, unywele hutoka umenyooka. Kikipinda, hutoka umejikunja, na protini zake hazijipangi sawa pande zote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa aina mojawapo ya keratini, inayoitwa K38, hurundikana upande wa ndani wa mkunjo, wakati kwenye nywele zilizonyooka imetawanyika kote. Basi. Ni mpangilio tu, na mpangilio si ugonjwa.

Sasa hiyo dawa inafanya nini? Nyuzi za keratini zimeshikana kwa vifungo vya salfa. Ukichoma nywele kwa kitana cha moto, unalegeza vifungo vingine vilivyo dhaifu, ndiyo maana ukinyeshewa tu zinajirudi. Dawa inavivunja vile vya salfa moja kwa moja. Nyingi zina sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki soda, ileile ya kutengenezea sabuni na kuzibua mabomba. Zile zinazojinadi kuwa hazina kostiki hutumia alkali nyingine, nayo inaunguza. Dada anajipepea kichwa, machozi yanamlengalenga, msusi anamwambia vumilia kidogo ikolee! Baada ya wiki chache mizizi inaota na mkunjo wake uleule, anarudi kuretachi. Ugonjwa gani huu usiopona?

Kuna na hizi huduma za saluni zinazouzwa kwa jina la "keratini". Baadhi yake zinapopigwa pasi hutoa fomaldihaidi, kemikali ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliitangaza mwaka 2004 kuwa inasababisha saratani kwa binadamu.

Mwaka 2022 watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walitoa matokeo ya kufuatilia wanawake 33,497. Kwa wasiotumia kabisa bidhaa za kunyoosha nywele, uwezekano wa kupata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia miaka 70 ulikadiriwa kuwa asilimia 1.64. Kwa waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, asilimia 4.05. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba bidhaa hizo ndizo chanzo, na idadi bado ni ndogo. Lakini mtu mzima anastahili kuyajua haya kabla hajakaa kwenye kiti cha saluni.

Simkatazi mtu. Kichwa chako, hela yako. Ninachogombea ni mtoto wa miaka saba kupakwa alkali kichwani ili apendeze sikukuu, kabla hata hajaulizwa. Nagombea msichana kuambiwa nywele zake hazifai kwenda nazo kwenye usaili wa kazi. Na nyie akina kaka mnaocheka kipilipili cha wenzenu, hicho mnachokipeleka kinyozi kila wiki mbili kimetengenezwa na nini?

Wanaotaka kunyoosha wanyooshe, ila tuiite kwa jina lake: kemikali ya kunyooshea nywele. Neno dawa tuwaachie wagonjwa. Au mnasemaje wadau?