Msilaumu Majaliwa, Ulizeni Nani Anahesabu Ng'ombe

Nimechoka na majaliwa. Kila filamu ya mapenzi inayotufikia huku Marani ina wawili walioandikiwa kuwa pamoja, halafu eti hatima inawatenganisha, mvua inanyesha, muziki unalia na sisi tunalia nao. Hakuna anayeshtakiwa. Ukiuliza nani amewatenganisha, unaambiwa ni dunia. Ebu tuwache mchezo.

Chukua Veer-Zaara, ile ya Yash Chopra ya 2004, ambayo binamu zangu wanaijua scene kwa scene. Veer ni rubani wa jeshi la anga la India, Zaara ni Mpakistani, na wanakaa miaka 22 bila kuonana. Watu huiita hadithi ya majaliwa. Majaliwa gani? Babake Zaara anataka ndoa itakayomfaa kisiasa. Mamake anakuja kumsihi Veer aondoke. Raza, mchumba aliyechaguliwa na familia, anamsingizia ujasusi na kumtupa jela kwa jina la mtu mwingine. Hiyo ni kamati! Filamu yenyewe inawajua wanakamati kwa majina, lakini nyimbo zikianza tunawasamehe wote.

Sisi Abagusii kamati hiyo tunaijua vizuri. Miaka ya 1940 na 1950 mahari ilipanda huku kwetu mpaka vijana wasio na mifugo wakabaki kutazama tu. Na baba wa msichana alikuwa na hesabu yake: chiombe zinazoletwa kwa ajili ya binti ndizo zitakazomwolea kaka yake. Kwa hivyo msichana akimpenda kijana maskini, ndoa ya kaka nayo iliyumba. Wasichana wakaanza kutoroka na waliowataka. Baba zao wakakimbilia mahakama ya Ritongo, chini ya serikali ya kikoloni, kudai binti arudi. Kesi zilikuwa nyingi hivi kwamba mwanahistoria Brett Shadle aliziandikia kitabu kizima, Girl Cases, kilichotoka 2006. Na tusipake mambo sukari: si kila "kutoroka" kulikuwa mapenzi, kuna wasichana waliobebwa kwa nguvu. Lakini soma kesi hizo kisha uniambie nyota zilihusika wapi.

Mtasema hayo ni ya zamani. Kweli, Katiba ya 2010 inataka ndoa iwe ya hiari, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema mahari kidogo tu, ya ishara, inatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Sawa. Ila sheria inakaa Nairobi, na wajomba wanakaa hapa.

Siku hizi hatutoroki, tunaingia njoo-tukae. Mnapanga chumba Kisii mjini, mnazaa, hakuna anayewasumbua, na mnadhani mapenzi yameshinda. Ngoja mmoja afe. Mwanamke ameishi na mtu wake miaka, amemzalia, amelima naye, lakini mahari haikutolewa. Watu wa kwao wanafika matangani na kusema hapa hakuna mazishi mpaka ng'ombe waonekane. Mwili unabaki mochari, bili inapanda, na mume badala ya kulia anazunguka akitafuta mkopo. Kaburi limechimbwa na hawezi kumlaza mkewe. Hao nao si wapendanao waliotenganishwa? Na bado mtu atashika maikrofoni kwenye matanga hayo aseme ni mipango ya Mungu.

Wazee wataniambia mahari ni heshima, na kwamba inaunganisha koo mbili. Nakubali, tena kwa moyo wote. Esigani aliyetumwa zamani kuchunguza familia ya mkwe alikuwa na kazi ya maana, afadhali yeye kuliko kumjua mtu kupitia picha za Instagram. Lakini ni heshima gani hiyo inayopanda bei binti akimaliza chuo kikuu? "Huyu tumemsomesha, ongeza." Nani anamheshimu nani hapo? Na heshima isiyoulizwa miaka kumi, ikaja kuamka siku ya mochari, mimi naiita deni.

Na wewe msee unayeposti Veer na emoji za machozi, mkutano wa mahari ya dada yako ukifika unakaa kimya pembeni, ukipiga hesabu ya fungu lako. Utamlaumu nani, mwezi?

Ombi langu ni kwa wanaotengeneza filamu hapa Kenya, maana kamera tunazo na waigizaji tunao. Tumeona mvua ya kutosha. Nataka kuona sebule ya Marani yenye viti vya plastiki, chai ya maziwa, na yule mjomba mwenye kalamu na daftari la kurasa 32 anayesema ng'ombe mmoja bado. Mpeni jina. Mleteni karibu na kamera, na asipewe wimbo wowote wa kumfichia uso.