Siku tatu za maua ya kahawa

Mwezi uliopita ukurasa huu ulizungumza juu ya watoto wanaochelewa masomo kwa sababu ya foleni ya maji, na tunawashukuru wazazi waliotujibu, hata wale waliotujibu kwa ukali. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie, maana tunataka kuongea juu ya kitu ambacho hakijazi sufuria. Tunataka kuongea juu ya maua.

Jambo lilianzia darasani. Katika kitabu cha kusomea cha Kifaransa kuna somo la majira yanayokuja baada ya baridi kali, theluji inapoyeyuka na miti ya Ulaya inapotoa maua. Picha ni nzuri, watoto waliigombania. Tukawauliza: na huku kwetu, maua yanatoka lini? Kimya. Halafu kijana mmoja wa nyuma akajibu: "Mwalimu, huku hakuna maua. Huku iko bashe tu." Darasa zima likacheka, na sisi tukacheka. Lakini jioni tulikaa tukifikiri. Wengi kati yetu walimu wa kujitolea tuliingia kambini tukiwa mgongoni mwa mama zetu. Je, sisi wenyewe tungejibu nini?

Basi tulianza kuangalia. Kiangazi cha Burundi, ambacho majirani wanakiita ici, ni kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane na kupita kidogo. Vumbi liko hata ndani ya chumvi. Lakini katikati ya ukavu huo kuna mti mmoja usiongoja mvua. Warundi wanauita umurinzi, wanaosema Kinyarwanda wanauita umuko. Majani yake yanaanguka yote, unabaki matawi matupu yenye miiba, na hapo ndipo unatoa maua mekundu kama makaa ya moto. Tumepita chini ya miti hiyo miaka yote tukibeba bidoni za maji, hatukuinua macho. Mbegu zake ni nyekundu zenye doa jeusi na wasichana wanapenda kuzitungia shanga. Bamama, muangalie wadogo wasizitie mdomoni, zina sumu.

Miembe nayo hutoa maua wakati wa ukavu, na harufu yake ni ya utamu mzito unaoita nzi. Ya avoka ni madogo ya kijani, hakuna anayeyasifu. Lakini kila ua la avoka hufunguka mara mbili: mara ya kwanza kama jike, linajifunga, halafu linafunguka tena kama dume. Tulipowaambia watoto hawakutuamini mpaka sasa.

Halafu mvua ya kwanza. Harufu ya udongo mukavu unapopata maji kila mtu anaijua, hata yule kijana wa bashe. Na hapa ndipo tunafika kwenye kahawa.

Huku Ngozi tumezungukwa na kahawa, maana Wabelgiji waliwalazimisha wakulima wa nchi hii kuipanda miaka ya 1930, na mpaka leo vilima vimeibeba. Mkahawa hutengeneza matumba yake wakati wa kiangazi, yanakaa yamelala, madogo ya kijani, kama vile hayana haraka. Lazima mti uone kiu kwanza. Mvua ya kweli ikishuka, matumba yanaamka, na baada ya siku nane, tisa, kumi hivi, yanafunguka pamoja, kilima kizima. Yakikaa sana ni siku mbili au tatu. Baadaye yananyauka, yanakuwa rangi ya chai ya maziwa, yanaanguka.

Tuliwaambia watoto wahesabu. Kila asubuhi tuliweka jiwe moja ndani ya kopo la nyanya. Siku ya tisa, kabla hatujaweka jiwe, upepo ulitoka upande wa kilima cha pili na harufu ikaingia darasani. Wanaojua yasmini wanasema ni ndugu yake. Sisi tunasema ni kama mtu amepita na sabuni mpya, lakini sabuni yenye asali. Watoto walisimama wenyewe, hakuna aliyewaamuru.

Tuliomba ruhusa ya kuwatoa, tukaipata kwa asubuhi moja tu, watoto ishirini na sita. Mzee mwenye shamba alitupokea kwa heshima lakini kwa hofu, na hofu yake tuliielewa. "Amahoro," alisema, kisha akawaonyesha tawi. "Kila ua ni tunda moja, na ndani ya tunda mara nyingi kuna kokwa mbili. Mkivunja ua moja mmevunja mbili zangu." Akawaamuru waweke mikono mgongoni. Ndivyo walivyoingia, mikono nyuma kama wazee wanaokwenda kwenye mkutano, pua mbele. Maua yalikuwa yamebanana kwenye vijiti, meupe kabisa, kila moja na majani yake matano membamba. Nyuki walikuwa wengi mpaka shamba zima lilivuma. Msichana mmoja alimuuliza mzee kama kahawa ni tamu. Mzee akacheka, akasema yeye hunywa chai. Kahawa yake inakwenda kituoni kuoshwa, halafu inakwenda mbali. Kuanzia ua mpaka tunda jekundu ni miezi saba, nane. Atavuna kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa sita hivi. Alivyohesabu hiyo miezi kwenye vidole, tuliona kwamba alikuwa akihesabu pia madeni.

Kuna jambo jingine ambalo hatukulitazamia. Mama mmoja wa kartie yetu, mtoto wake ni wa darasa hilo, alikataa kumruhusu. Tulidhani ni juu ya kazi za nyumbani. Tulipomwendea alitwambia: "Harufu hiyo mimi siitaki mlangoni kwangu." Yeye ni wa upande wa Ziwa Kivu. Bapapa wa huko wanakumbuka: mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu ya vita na ushuru na kukosa wanunuzi, watu wa Kalehe na Idjwi walipakia kahawa kwenye mitumbwi usiku, wakavuka kwenda Rwanda kuibadilisha na chumvi, sabuni na nguo. Ziwa lile lina upepo wa ghafla. Wengi walizama. Baba yake alikwenda na magunia mawili, hakurudi, na mama huyu alikuwa mtoto mdogo. Asubuhi yake, alisema, shamba lao lilikuwa jeupe na lilinukia vizuri kupita siku zote.

Hatukuwa na jibu. Tulimwomba radhi, tukaondoka. Mtoto alikuja hata hivyo, sijui walielewana vipi, na hatukuuliza. Alipotoka shambani alikuwa ameokota maua manne yaliyoanguka yenyewe, mzee alimruhusu, akayaweka mfukoni mwa shati. Tuliogopa itakuwaje jioni. Tulisikia siku ya pili kwamba mama aliyaweka juu ya kifuniko cha kopo, karibu na taa, akamwonyesha mtoto jinsi babu yake alivyokuwa akikadiria mavuno kwa kutazama tawi moja tu. Mpaka usiku wa manane, mtoto anasema. Alikuja darasani anasinzia na hatukumgombeza.

Kama tulikosea kumkumbusha mama yule, hatujui. Mmoja wetu anasema tulikosea. Wengine wanasema la.

Sasa maua yameisha, vijiti vimebaki na vichwa vidogo vya kijani kama kichwa cha kiberiti. Lakini kahawa haitoi maua mara moja tu. Yapo matumba yaliyobaki nyuma, na mvua nzuri ikishuka baada ya siku kadhaa za jua, yatafunguka tena, ingawa machache. Mzee amekubali kutupokea mara nyingine. Wazazi wanaotaka watoto wao waende, leteni majina kwa walimu kabla ya Ijumaa, tuombe ruhusa mapema. Mtoto avae viatu kama anavyo, kuna siafu. Na mfundisheni nyumbani: mikono nyuma.