Askari Hajatimia Pasipo Mpagazi

Wapakaji wa visanamu vya kijeshi hudai kwamba kazi imekwisha pindi kifungo cha mwisho kinapong'aa. Mimi nakataa.

Huko Igawa, baina ya Iringa na Mbeya, yuko mwenzetu aliyekitupa kabatini kwa miaka mingi kisanamu cha askari wa Vita Kuu ya 1914–1918, kirefu kama kidole. Kaki imepakwa, uso bado. Sasa ameshika brashi akimalize. Namwambia: usikiite kamili hadi umfinyangie mwenzake, mpagazi.

Mwaka 1916 nyanda hizo zilipitiwa na Waingereza waliotoka Nyasaland na Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma. Risasi na unga vilikwenda vichwani mwa watu. Katika vita hivyo vya Afrika Mashariki, hesabu rasmi ya wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa ilizidi 40,000, wengi wao kwa maradhi.

Itazameni Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya 1927. Maandishi yake, ambayo Kiswahili chake kimo kwa hati ya Kiarabu na ya Kilatini, yanawataja wapagazi. Sanamu yenyewe, iliyo juu, yamwonyesha mwenye bunduki peke yake. Nairobi mpagazi alisimamishwa pamoja na wapiganaji.

Atakayejitetea kwamba madukani hakuna kisanamu cha mpagazi, udongo upo. Anayehangaikia rangi ya kifungo akamsahau aliyebeba risasi hakuihifadhi historia, ameipamba tu.