Usimwambie mtoto "nitakuja" kama huji

Niko zangu hosteli, test ya juzi imeshapita na ya kesho kutwa bado sijaigusa. Ila leo nina jambo linanikereketa, ngoja nilitoe.

Mnaujua ule utaratibu wetu wa kutembelea vituo vya kulelea watoto. Boom likitoka, mtu anaanzisha grupu, tunachanga buku tano tano, tunanunua mchele, sukari na sabuni, tunakodi Kosta. Tukifika watoto wanatuimbia, tunawabeba, tunapiga picha weee, saa kumi tunageuza. Jioni picha zimejaa kwenye simu za chuo kizima. Mwaka wa kwanza mimi mwenyewe nilienda hivyo, kwa hiyo simsemi mtu, najisema.

Siku ile nilikaa na binti mmoja wa darasa la nne. Tukafanya hesabu za kugawanya kwa tarakimu mbili. Nikamwachia nyingine kumi, nikamwambia, "Zifanye, Jumamosi nakuja kusahihisha." Akaniuliza, "Kweli dada?" Nikasema kweli.

Jumamosi ile nilikuwa na test. Ya pili nilikuwa nimechoka. Ya tatu, kusema ukweli, nilisahau. Nilirudi baada ya wiki sita. Akaniamkia vizuri tu, "Shikamoo dada." Nikamuuliza daftari liko wapi. Akalileta. Ule ukurasa ulikuwa na alama za ufutio, na juu yake kazi nyingine za shule. "Nilizifanya zote," akasema, "halafu nikazifuta. Daftari lilikuwa linaisha."

Hakununa wala hakulia. Hilo ndilo lililoniumiza. Alishazoea.

Jamani, sisi tunasoma ualimu. Darasani tunatajiwa John Bowlby, yule daktari Mwingereza aliyeliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti mwaka 1951 kuhusu watoto wasio na makwao. Hoja yake kubwa ni kwamba mtoto anahitaji uhusiano wa karibu usiokatikakatika na mama, au na mtu wa kudumu anayeshika nafasi ya mama. Tunaiandika kwenye UE, tunapata maksi zetu, halafu Jumamosi tunaenda kumzoesha mtoto na kumwacha. Mtoto aliyekwisha kuachwa hahitaji kuongezewa watu wa kumwacha.

Najua kuna watakaosema, "Dada, kidogo si haba, si wamekula?" Sawa. Mchele peleka hata kesho, mkabidhi mlezi, aga uondoke. Ninachokataa ni kugawa urafiki kama tunavyogawa sabuni.

Maoni yangu ni haya. Badala ya watu 50 wa siku moja, bora sita watakaorudi mwaka mzima. Kwanza pitieni ustawi wa jamii na uongozi wa kituo, wajue nyie ni nani na mnataka nini. Nendeni wawili wawili, kaeni na watoto mahali pa wazi. Sura zao msizirushe mitandaoni. Chagueni siku mnazoziweza hata kipindi cha mitihani. Mimi ni Jumamosi mbili kwa mwezi, saa nne hadi saa saba. Ukipata dharura, piga simu kituoni mapema, mtoto aambiwe. Usimuulize wazazi wake walikufaje, akitaka atakusimulia mwenyewe. Na usijiite mama yake. Wewe ni dada au kaka wa hesabu na stori, inatosha. Ahadi ni deni, na huyu mdai wako hana pa kukushtakia.

Jingine, tusidhani kila aliye kituoni hana ndugu. Huyu rafiki yangu ana bibi mkoani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huohuo inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwenye familia. Yaani kituo kiwe mahali pa kupita, siyo pa kuzeekea. Mwezi uliopita akaniambia ustawi wanafuatilia kama anaweza kurudi kwa bibi yake. Wadau, nilinyong'onyea, kama vile wananinyang'anya mtu wangu. Baadaye kwenye daladala nikajikemea. Kama urafiki wangu unaombea abaki kituoni ili mimi niwe na pa kwenda Jumamosi, basi naenda kwa ajili yangu, siyo yake.

Muda si mrefu naenda mkoani kufundisha kwa vitendo, wiki nane. Safari hii nilimwambia miezi mitatu kabla. Tarehe ya kuondoka na ya kurudi ameziandika mwenyewe nyuma ya daftari. Sasa yuko la tano. Nimemwachia hesabu kumi za sehemu, na amesema hizi atazifanya kwa kalamu ya wino.

Sijui wenzangu mnaonaje. Mimi nimewasilisha, ngoja nikasome.