Mbio za Safari: injini hupimwaje kabla ya kuingia vumbini?

Tangu Mbio za Magari za Safari zirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Toyota ilishinda kila mwaka hadi 2025. Sifa huwaendea madereva, akina Sébastien Ogier na Kalle Rovanperä. Lakini gari haliwezi kushinda kama injini imekufa njiani, na uhai wa injini hutafutwa mapema, ndani ya chumba cha majaribio.

Mbio hizi zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu. Siku hizi kituo chake ni Naivasha, Kenya. Magari ya daraja la juu yana injini ndogo ya lita 1.6 yenye turbo, lakini hukamuliwa hadi mwisho.

Injini hupimwaje? Hufungwa kwenye mtambo uitwao dainamomita, ambao huizuia isizunguke kirahisi, kama gari linalopanda mlima na mzigo. Kompyuta huiongoza kurudia safari halisi: kuongeza moto, kuachia ghafla, kuongeza tena, saa nyingi mfululizo. Bomba la moshi huwa jekundu kama kaa. Baadaye injini hufunguliwa, na kila kipande hupimwa kuona kimelika kiasi gani.

Mafundi hutafuta maadui watatu.

Wa kwanza ni joto. Likizidi, silinda hedi hupinda na pistoni hukwama.

Wa pili ni oili kukimbia. Gari likikata kona kwa kasi, oili hulala upande mmoja na pampu huvuta hewa. Beringi za kranki zikikosa oili kwa sekunde chache tu, zinaungua. Ndiyo maana iko mitambo inayoinamisha injini huku ikiunguruma. Magari mengi ya mashindano huweka oili kwenye tenki la pembeni ili isikimbie.

Wa tatu ni vumbi. Mwaka 2022, vumbi laini kama unga huko Kedong liliyasumbua magari kadhaa. Likipita chujio la hewa, husaga silinda kama msasa.

Msikilizaji wa Mwanga, Ujiji au Kalinzi, maadui hao hao tunao, ila hatuna chumba cha majaribio. Injini ya bodaboda nyingi hupozwa na upepo tu. Ukipanda milima ya Manyovu polepole na magunia mawili, upepo ni mdogo na joto ni kubwa. Kama oili imepungua, mteremko na mlima huisogeza mbali na pampu. Pima oili asubuhi, pikipiki ikiwa imesimama wima, na safisha ea klina mara kwa mara wakati wa kiangazi.

Ziwani hatari ni zaidi. Injini ya boti hupozwa kwa maji ya ziwa. Mfuko wa plastiki au majani yakiziba tundu la kuvutia maji, injini huungua, na boti ya abiria inabaki kwenye mawimbi bila nguvu. Nahodha atazame kijito cha maji kinachoruka nyuma ya injini. Kikikatika, azime mara moja, asafishe, ndipo aendelee. Abiria nawe ukikiona kimekatika, mwambie nahodha.